Maswali ya Wasomaji: “Diligence” ilianzia kwenye mapenzi, imefikaje benki?

Wasomaji wetu, toleo lililopita tuliomba mtuletee maneno ya Kizungu yanayowasumbua kazini na mitaani, tukategemea tutapata mchanganyiko wa kila aina. Badala yake barua zimelundikana kwenye neno moja tu, diligence, kila mtu kakutana nalo kwake na kila mtu linamkera kivyake. Basi safari hii ukurasa mzima ni wa hilo hilo, wenye maswali mengine mtanivumilia.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni afisa mikopo kwenye benki moja hapa Mwanza. Juzi kwenye fomu ya tathmini bosi kaniandikia kwamba mi ni “very diligent”, nikafurahi kweli. Wiki hiyohiyo tukapelekwa semina ya “customer due diligence”, tukaambiwa mteja asiaminiwe mpaka kila karatasi yake ihakikiwe. Afu Jumapili nikaenda ibada ya Kiingereza, mchungaji akasoma “Keep thy heart with all diligence”. Sasa neno moja linanisifia, linanifundisha kushuku watu, na linanilindia moyo. Maana yake hasa ni ipi? (Dada wa Mwanza)

Marahaba mwanangu, na hongera kwa hiyo tathmini. Wala hujachanganyikiwa, hilo neno lenyewe ndo limetembea sana, na huko lilikotoka huwezi kukudhania ukiwa umekaa kwenye semina ya benki, maana lilitoka kwenye mapenzi.

Warumi wa zamani walikuwa na kitenzi diligere. Ndani yake kuna legere, ambayo ni kuokota au kuchambua (hiyohiyo baadaye ikawa pia kusoma), na mbele yake kuna kipande kinachotenga kitu pembeni. Kwa hiyo ni kuchagua kimoja kati ya vingi ukakiweka upande wako kwa vile umekithamini, na kutoka hapo ikawa kupenda. Lakini si mapenzi yale ya kukuvamia ukakosa usingizi, kwa hayo walikuwa na kitenzi kingine, amare. Diligere ni mapenzi ya mtu aliyetazama, akapima, akasema huyu ndo wangu. Thoma wa Akwino, yule mwanateolojia wa karne ya 13, alilitilia mkazo hilohilo, kwamba dilectio ni mapenzi yaliyotanguliwa na uchaguzi na jina lenyewe linajieleza.

Ukitaka kuona tofauti ilivyo, fungua Yohana 21. Yesu kafufuka, yuko ufukweni, wameshakula samaki na mkate, anamuuliza Petro mara tatu kama anampenda. Kwenye Biblia ya Kilatini ya Jerome, mara mbili za kwanza Yesu anauliza “diligis me”, na Petro mara zote mbili anamjibu kwa lile neno lingine, “amo te”. Mara ya tatu Yesu anaachana na kitenzi chake, anauliza kwa kitenzi cha Petro, “amas me”. Kwetu yote yameandikwa kupenda, kwa hiyo ukisoma kwa Kiswahili huoni kama kuna watu wawili wanapishana hapo. Na pale kwenye mlima, wapendeni adui zenu, Kilatini kimeandika diligite, na mi naona ndo penyewe, kwa sababu mtu hawezi kuamrishwa adui yake amvutie, ila anaweza kuamrishwa achague kumtakia mema.

Sasa kitu ulichokichagua unakiangalia. Unakipitia asubuhi, unakipitia jioni, kikipata mkwaruzo unaujua. Huo uangalizi ndo wakauita diligentia, na mtu asiyeokota kitu, anayepita kama hajakiona, wakampa neno la ukoo huohuo ambalo Kiingereza kimelichukua kuwa neglect. Yaani diligence na negligence ni ndugu wa tumbo moja waliokosana.

Kwenye karne ya 14 neno likaingia Kiingereza kupitia Kifaransa, na lilikuja na moyo wake wote. Chaucer, mshairi wa Uingereza aliyefariki mwaka 1400, ana kisa cha binti maskini anaitwa Griselda anayeishi na baba yake mzee. Anachunga kondoo wachache huku anasokota nyuzi, akirudi jioni anachuma majani njiani akayakatekate akayachemsha kuwa ndo mboga, kitanda chake kigumu, na mzee hakosi kitu. Chaucer anapotaka kueleza vile binti anavyomtunza mzee, diligence ni moja ya maneno anayoyashika. Hapo huwezi kusema ni bidii ya kazi tu, wala mapenzi tu, vimeshonwa pamoja. Na kwenye tamthilia ya Shakespeare ambayo kwa Kiswahili tunaiita Tufani, ya mwaka 1611 hivi, yule pepo Ariel anamaliza kazi aliyotumwa, anamuuliza bwana wake kama kafanya vizuri, na bwana anamjibu kwa kumwita “my diligence”, kisha anamwambia utakuwa huru. Sifa imegeuzwa jina la kubembelezea.

Mwaka huohuo wa 1611 ndo ilitoka Biblia ya King James aliyoisoma mchungaji wako. Hapo Mithali 4:23 kuna kitu nakipenda: Kiebrania cha mstari ule hakina bidii wala mapenzi, kina ulinzi, kama wa mlinzi wa zamu. Na Biblia yetu ya Union imeandika “Linda moyo wako kuliko yote uyalindayo”, ipo karibu na Kiebrania kuliko hiyo ya King James. Kwa hiyo ukitaka maana ya mstari ule usihangaike na Kiingereza, Kiswahili kimeshakupa.

Baada ya hapo neno likaanza kukonda upande wa moyo. Kanisani lilishawekwa kwenye zile fadhila saba kama dawa ya uvivu, na kitu kikishakuwa dawa ya uvivu basi kinachotazamwa ni jasho, haulizwi mtu jasho hilo linamtoka kwa ajili ya nani. Likaingia kwenye ripoti za shule, likaingia kwenye barua za kuombea kazi, na leo mtoto anaandikiwa diligent kwenye hesabu na hizo hesabu anazichukia kufa. Bosi wako alikuandikia hiyo, ya jasho, na ni sifa nzuri tu ipokee. Ila aliyekuwa anapendwa kaondoka, imebaki kazi.

Semina yenu ndo imefika mbali zaidi. Hiyo “due” mbele yake inatoka kwenye Kifaransa, ni kitu kinachodaiwa, deni, kwa hiyo due diligence ni uangalifu unaodaiwa. Na upande wa benki mdai ni serikali, si mteja. Mwaka 1989 nchi tajiri zilianzisha kikosi chao cha kupambana na utakatishaji fedha, makao yake Paris, mwaka uliofuata kikatoa mapendekezo 40, nchi zikaanza kuyaingiza kwenye sheria zao, sisi Tanzania tukapata Sheria ya Kuzuia Utakasishaji Fedha Haramu ya 2006. Ndo maana unaomba kitambulisho, unauliza hela imetoka wapi, unaandika. Yule mama wa dagaa anayekuja kuomba mkopo umtazame kwa makini sana, lakini makini yote hayo hayamhusu yeye, yanahusu benki isije ikapigwa faini. Neno bado ni la kumtazama mtu kwa karibu, isipokuwa sasa anayelindwa ni yule anayetazama.

Mwalimu, jambo. Huku Lubumbashi redio haipitishi siku bila kusema wakubwa wataenda “diligenter une enquête”, na uchunguzi wenyewe unakawia hata mwaka. Tena kwenye kitabu cha shule cha Kifaransa niliona diligence ni gari ya kukokotwa na farasi. Ni neno moja ao ni mawili? (Msomaji wa Lubumbashi)

Jambo ndugu yangu. Ni moja, na umenifurahisha maana Wafaransa walilipeleka njia ambayo Waingereza hawakuifuata sana.

Kwao uangalifu ukageuka haraka. Mtu anayejali kazi yako haicheleweshi, si ndiyo? Basi “faire diligence” ikawa kufanya upesi, na kwenye karne ya 17 makampuni ya usafiri yakaanza kutangaza magari ya farasi ya mwendo wa kasi, “carrosse de diligence”, afu watu wakachoka kusema lote wakaita gari lenyewe diligence. Lilikuwa gari zito hasa, abiria wamepangwa ndani kwa vyumba na nauli tofauti kila chumba, wa bei nafuu wanapanda juu kwenye mizigo, farasi wanabadilishwa kila kituo ili mwendo usishuke. Reli ilipoenea karne ya 19 yakafa. Na hapa nikuchomekee kitu kimoja, moja ya makampuni makubwa ya hayo magari mwaka 1851 liliingia kwenye meli, na hilo ndo lilikuja kuwa Messageries Maritimes ambalo meli zake zilikuwa zinatia nanga Zanzibar zikielekea Madagaska na Réunion. Wazee wa pwani walilipokea tawi la diligence bila kujua.

Kiingereza chenyewe kilishaguswa na huo upesi. Paulo anamwandikia Timotheo aje haraka, King James imeandika “do thy diligence to come shortly unto me”, Biblia yetu ikasema “Jitahidi kuja kwangu upesi”. Kimoja kwenye diligence, kingine kwenye kujitahidi, ila wote wanamhimiza kijana afunge safari.

Sasa “diligenter une enquête” ni lugha ya mahakama na ofisi, ni kuanzisha uchunguzi na kuusukuma uende. Kwa hiyo unaposikia wakubwa wanasema hivyo, kwa kamusi wameahidi mambo mawili kwa mpigo, makini na haraka. Hiyo ya mwaka mzima sio kosa la neno.

Mambo vipi mzee. Hili neno letu “dili”, kupiga dili, kuna dili hapa, si limetoka kwenye diligence? Nimebishana na washkaji hapa Kahama, kuna soda imewekwa. (Msomaji wa Kahama)

Poa kijana. Soda umeliwa. Dili imetoka kwenye “deal” ya Kiingereza, ambalo kwa asili ni la ukoo mmoja na Kijerumani, maana yake kugawana, Wajerumani mpaka leo wanasema teilen kwa kugawa. Ndo maana karata zinagawiwa kwa neno hilohilo. Halina undugu na Kilatini wala halina uhusiano wowote na uangalifu, na ukiangalia dili nyingi za mjini utakubali mwenyewe.

Assalaam aleikum mwalimu. Mimi ni mtu wa Mombasa naishi Glasgow miaka sasa. Nilichelewa kulipa deni la kadi, mambo yakawa mengi, majuzi ikaja barua inasema mdai ataendelea na “diligence”. Mimi Kiingereza nakijua na diligence ninayoijua ni kufanya kazi kwa bidii, nikafikiri wamekosea kuandika. Rafiki Mskoti akaniambia la, hiyo ni hatari. Ni kweli? (Msomaji wa Glasgow)

Waaleikum salaam kaka. Rafiki yako kakwambia kweli, hawajakosea, isome tena taratibu.

Scotland ina sheria zake, tofauti na za England, zimechukua mengi kwa Warumi na Wafaransa. Na kwenye sheria za Scotland diligence ni jina la hatua za kumlazimisha mtu alipe deni. Nadhani hakuna mahali neno hili limegeuka likamtazama mtu kwa jicho baya kama hapo, maana bidii inayotajwa ni ya mdai, anavyohangaikia haki yake mpaka aipate, na wewe ndo unayehangaikiwa. Zipo aina kadhaa. Mshahara unaweza kukatwa juu kwa juu na mwajiri, akaunti ya benki inaweza kuzuiwa, nyumba inaweza kuwekewa zuio usiiuze. Zamani walikuwa wanaingia hadi ndani ya nyumba ya mtu, wanaandika vyombo vyake, makabati, televisheni, vinakwenda kunadiwa na majirani wanaona. Watu walipigia kelele sana jambo hilo mpaka Scotland ikapata sheria ya 2001 ya kulifuta, na utaratibu wa baadaye ukalinda vitu vya lazima vya nyumbani. Ipo pia sheria ya 2007 ambayo hata jina lake limebeba neno, Bankruptcy and Diligence, ukiliona kwenye karatasi usidhani ni tangazo la kazi.

Kwa mambo yako: kabla ya mshahara kuguswa kwa kawaida unaletewa hati ya kudai malipo na unapewa siku 14. Usizilaze. Nenda Citizens Advice ya mtaani kwako na barua mkononi, ni bure, wanaweza kukueleza kama unaweza kupangiwa malipo ya kidogo kidogo kwa utaratibu wa kisheria. Na anayekuja mlangoni huko anaitwa sheriff officer, mwombe kitambulisho, ana kitambulisho.

Shikamoo mwalimu. Niko Dar, kaka yangu mkubwa yuko Muscat mwaka wa nane. Kanitumia hela nimtafutie kiwanja Kigamboni, silipwi hata senti, nazunguka na madalali kwa nauli yangu. Nikampata mwenye kiwanja kizuri, nikampigia kaka kwa furaha, akanijibu “fanya kwanza due diligence”. Kwa kweli niliumia. Mi ni mdogo wake wa damu, hilo neno si la kuambiana watu wasioaminiana? (Mdogo mtu, Dar)

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa hizo nauli. Hili lako nimeliacha mwisho kwa sababu ndo lenyewe hasa.

Kuna kesi ya London ya mwaka 1703, wanafunzi wa sheria mpaka leo wanaisoma, Nairobi na Dar wote. Bwana Coggs alikuwa na mapipa ya brandi yapo kwenye ghala moja la chini, anataka yahamie lingine. Bernard akasema nitakuhamishia. Hakuwa mchukuzi wa kazi hiyo, wala hakulipwa, hisani tu kama yako. Katika kuteremsha pipa likapasuka, brandi ikamwagika kwa wingi. Coggs akashtaki. Bernard akasema hapo mnionee huruma, mi nimesaidia bure, mtu asiyelipwa anadaiwaje? Mahakama ikamkatalia. Jaji Mkuu Holt akachukua nafasi hiyo akapanga upya sheria nzima ya mtu aliyekabidhiwa mali ya mwenzake, na mengi aliyachota kwa Warumi, na diligence ilitoka huko ikiwa na maana yake ya kale, kwamba mtu akishakuwekea kitu chake mikononi mwako, unakitazama.

Mifano aliyotoa Holt nimeikumbuka kila nikisikia watu wanagombana juu ya kitu cha kuazimana. Umeazimwa farasi wa kwenda magharibi, wewe ukaenda naye kaskazini, akipatwa na lolote ni juu yako. Umemfunga kwenye banda, mlango umefungwa vizuri, mwizi kaja kavunja kamchukua, huna kosa. Mlango umeacha wazi, unalipa. Unaona? Hakuna anayemuuliza kama anampenda mwenye farasi, anaulizwa mlango. Na Warumi kipimo chao kilikuwa mwenye nyumba mwema, baba wa familia anayejielewa, vile anavyoangalia vya kwake.

Hii imekufikia mpaka wewe Kigamboni, si hadithi za mbali. Waingereza walipoandika Sheria ya Mikataba ya India ya 1872 waliingiza kwamba wakala lazima atumie diligence ya kutosha, na pia kwamba mtu anakuwa wakala wako hata kama hakuna malipo. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, ile Sura ya 345, imeshonwa kwa kitambaa hichohicho cha India. Kwa hiyo ulipopokea hela ya kaka kwa ajili ya kiwanja, hisani yako ilishakuwa na deni ndani yake, kaka hata angenyamaza lingekuwepo.

Ila nakuelewa ulipoumia. Neno halikukufikia kutoka kwa Holt, limekufikia kutoka Wall Street. Soko la hisa la New York lilianguka mwaka 1929, watu wakafilisika na makaratasi ya uongo mikononi, na tarehe 27 Mei 1933 Rais Roosevelt akasaini sheria ya hisa. Kifungu cha 11 kikasema kampuni ikiuza hisa kwa maelezo ya uongo, wakurugenzi, benki zinazouza na wahasibu wote watawajibika, isipokuwa yule atakayeonyesha kwamba alichunguza vya kutosha na alikuwa na sababu ya kuamini. Wanasheria wakauita huo mlango wa kutokea, utetezi wa due diligence. Hapo ndo neno lilipopinduka nadhani. Kwa yule Griselda ulikuwa uangalizi unaoutoa kwa ajili ya mtu, kwa wakurugenzi hawa ni ushahidi unaoutunza kwa ajili yako siku ukiitwa mahakamani. Na cha kuchekesha, sheria iliporekebishwa mwaka 1934 kipimo chake kikawa makini ya mtu mwenye busara anaposimamia mali yake mwenyewe. Yaani wamezunguka wee, wamerudi kwa yule mwenye nyumba wa Kirumi.

Mwaka 1968 kukawa na kesi iliyowatia watu baridi. Kampuni moja inaitwa BarChris, kazi yake kujenga kumbi za bowling, ule mchezo wa kuviringisha tufe, iliuza hati za mkopo kwa umma mwaka 1961 na mwaka uliofuata ikafilisika. Ikaonekana waliopewa kazi ya kuikagua waliuliza maswali mazuri, wakapewa majibu mazuri, wakaridhika. Mikataba hawakuifungua, kumbukumbu za vikao muhimu hawakuzisoma. Mkurugenzi mmoja alikuwa kwenye bodi kwa kama mwezi tu, akajitetea kwamba aliwaamini wenzake. Jaji hakumwachia. Kusikia maneno matamu ya mwenye mali si uchunguzi, lazima ushike karatasi, na tangu hapo ofisi za mawakili duniani kote zinaorodhesha kila kitu na kuweka tiki, na lugha hiyo ikasambaa hadi kwa mafundi, mabroka, watu wa Muscat.

Kwa hiyo kaka yako kasema neno la mawakili wakati angeweza kusema “mdogo wangu niangalizie vizuri”, na ungemwelewa. Mi sidhani kama alikuwa na shaka na wewe. Mtu mwenye shaka na wewe hakutumii hela kwanza ndo akupe masharti baadaye. Shaka yake ni kwa yule muuzaji mwenye kiwanja kizuri, na hapo nipo upande wake, maana Kigamboni kiwanja kimoja kinaweza kuwa na wenyewe watatu na wote wana makaratasi.

Basi fanya hivi. Kama kiwanja kina hati, usiridhike na hati unayoonyeshwa mkononi, chukua namba yake ukafanye sechi kwa Msajili wa Hati, uone jina la nani lipo, kama kuna rehani ya benki, kama kuna zuio. Kama hakijapimwa basi kazi yako ni miguu: ofisi ya serikali ya mtaa, mjumbe, na majirani wa pande zote nne, waulize bila dalali kuwepo, na usiende mchana tu, rudi jioni watu wakiwa wametoka kazini, wale wa jioni ndo wanajua kesi za mtaa. Kama muuzaji ni mrithi, omba kuona barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi, sio muhtasari wa kikao cha familia peke yake. Kama ana mke au mume, naye awepo na asaini, Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 59 hairuhusu mtu auze nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na kesi za mke aliyekuja baadaye kusema sikujua zimejaa mahakamani. Hela isipite kwa dalali. Wakili awe wako, si yule aliyeletwa na muuzaji kwamba “huyu ni mtu wetu”.

Kila unachokiona kipige picha umtumie kaka, mipaka, nguzo, karatasi ya sechi, sura za majirani kama wamekubali. Na nauli ziandike, umtumie na hizo pia, pamoja na ada ya sechi na ya wakili. Wewe unatoa miguu na macho, hivyo vingine ni vya mwenye kiwanja.